Feni za kutolea mvuke bafuni: zipi zinafaa nyumba ya alumini na AC hapa Tanga

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: nunua feni ya ukutani ya inchi 4 yenye taima ndani yake, ipitishe kwenye bomba fupi lililonyooka hadi nje, na ukate mlango wa bafu kwa chini sentimita moja na nusu. Feni zenye sensa ya unyevu ziache dukani. Za siling nunua pale tu ambapo bafu halina ukuta wa nje. Maelezo yanayofuata ni kwa anayetaka kujua kwa nini, maana feni ileile inaweza kukausha bafu la jirani na kwako ikabaki kupiga kelele tu.

Nyumba zinazojengwa siku hizi Kange, Mikanjuni na Sahare zina madirisha ya alumini ya kuslaidi yenye mpira pembeni, siling ya jipsamu isiyo na upenyo, na milango iliyobana mpaka inakwaruza marumaru. Zimezibwa hivyo kwa ajili ya AC, vumbi na mbu, na kazi hiyo wanaifanya vizuri mafundi wetu. Majumba ya zamani ya mjini, yenye kuta nene, dari za juu na madirisha ya vipande vya mbao, yalikuwa yanautoa mvuke bila mtu kufikiria. Mji wenyewe unaitwa wa waja leo warudi leo, lakini mvuke ulioingia kwenye bafu lililozibwa hauna pa kurudi. Unatua juu ya kigae, unaingia kwenye grauti ya kati ya vigae, unapanda kwenye jipsamu, na masika yakipita unakuta pembe za siling zina madoa meusi.

Hesabu ambayo boksi halikuandikii

Feni nyingi zilizopo madukani, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyomo ndani, zimebuniwa kwa watu wa nchi za baridi. Kule hewa ya nje ina maji kidogo sana. Hewa ya Uingereza ya nyuzi 5 wakati wa baridi, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 85, ina gramu 6 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 11 nyingine kabla haijashiba. Feni ikifanya kazi dakika 15, bafu limekauka.

Sasa chukua hewa ya Tanga ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa hapa kwetu. Kila mita ya ujazo inakuja tayari na karibu gramu 22 za maji, na ikifika gramu 27 imeshiba. Nafasi iliyobaki ni gramu 5 na ushee. Bafu la mita 2 kwa 1.5, kimo mita 2.7, lina hewa ya mita za ujazo 8 tu. Gramu 40 na kitu za maji, yaani vijiko vitatu vya chakula, zinatosha kuishibisha hewa yote ya chumba hicho. Mtu mmoja akioga maji ya moto anaachia mvuke wa kama gramu 200.

Kwa hiyo feni haikaushi bafu kwa kuleta hewa kavu, kwa sababu Tanga hewa kavu haipo nje ya mlango. Inakausha kwa kupitisha hewa nyingi, kila mita ikiondoka na gramu zake tano. Gramu 200 zinahitaji angalau mita za ujazo 37, na hiyo ni kama hewa yote inatoka ikiwa imeshiba, jambo ambalo halitokei. Feni ya mita za ujazo 85 kwa saa itahitaji nusu saa kwa uchache, na dakika 45 ndiyo makadirio ya kweli. Taima iliyowekwa dakika 5 au 10 kiwandani ndiyo sababu ya kwanza ya watu kusema feni hizi ni uongo.

Kuna maji mengine ambayo watu hawayahesabu: yale yaliyobaki ukutani na sakafuni. Ukuta wa vigae wa mita 5 za mraba wenye tabaka la maji la sehemu ya kumi ya milimita umebeba nusu lita. Kulitoa kwa feni ni zaidi ya saa nzima ya kazi. Kulitoa kwa kile kikwangulio chenye ulimi wa mpira, kinachouzwa pamoja na mifagio, ni dakika moja, na maji yanaenda kwenye shimo la sakafu badala ya kwenda hewani. Kwa thamani ya pesa, hakuna kifaa katika mapitio haya kinachokishinda. Na kinawahusu hata wanaooga maji ya baridi, ambao wana mvuke kidogo lakini kuta zao zinalowa vilevile.

Feni ya ukutani ya inchi 4

Hii ndiyo ya kwanza kwa nyumba nyingi. Ni boksi dogo la plastiki lenye propela, linabandikwa ukutani, shingo yake ya milimita 98 hivi inaingia kwenye tundu. Inakula wati 12 hadi 20. Ikiwaka saa mbili kwa siku, kwa mwezi ni uniti moja tu na kidogo ya LUKU. Kwenye boksi wanaandika mita za ujazo 85 hadi 100 kwa saa. Viwango vya Uingereza vinataka lita 15 kwa sekunde kwa bafu, sawa na mita 54 kwa saa. Marekani wanataka karibu mita 85. Kwa Pwani chukua hiyo ya Marekani kama kima cha chini.

Kupata ukubwa, zidisha ujazo wa bafu mara 8 hadi 10. Bafu la mita 8 za ujazo linataka feni ya 65 hadi 80, inchi 4 inatosha. Bafu la mita 2.4 kwa 1.8 na kimo cha 2.8 lina mita 12, linataka 97 hadi 120. Hapo inchi 4 iko ukingoni, na inchi 6 ndiyo salama.

Udhaifu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: propela haina nguvu ya kusukuma. Inapenda tundu fupi. Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa plasta pande zote ni sentimita 19 hivi, na huo kwake si kitu. Bomba lililonyooka la mita moja na nusu bado linavumilika. Ukiiunganisha na bomba la kujikunja la mita tano lenye kona mbili, mota itaendelea kuzunguka na sauti utaisikia, ila hewa inayofika nje itakuwa kidogo mno. Mafundi wengi wanaamini sauti ni ushahidi wa kazi. Siyo.

Ukiwa dukani, angalia mambo matatu. Mota iwe ya beringi, siyo ya bushi, hasa ikitakiwa kukaa kwenye siling: bushi hudumu vizuri shafti ikiwa imelala, lakini ikisimama wima mafuta hukimbia na feni huanza kuguna mapema. Alama ya IPX4 iwepo, maana yake inavumilia maji yanayoruka. Na taima iwe inafika dakika 30. Kuna zinazoishia 20, na kwa hesabu tuliyopiga hapo juu hizo hazikufai.

Feni za fremu, inchi 6 na 8

Hizi ndizo za mraba zenye vipande vinavyojifungua hewa ikitoka, nyingi zinawekwa jikoni. Inchi 6 inatoa mita za ujazo 250 au zaidi kwa saa, kwa wati 20 hadi 30. Kwa bafu kubwa la familia lenye shawa na beseni, ni chaguo zuri na kwa kawaida mota yake ni imara kuliko ya zile ndogo.

Tatizo linaanza kwenye upepo. Kusi ikivuma, vile vipande vinagongana usiku kucha upande wa kusini na mashariki wa nyumba, na mvua ya upepo inaingia hadi ndani. Kaskazi nayo ina upande wake. Weka feni kwenye ukuta usiotazama bahari, au funga kofia ya nje inayotazama chini. Fremu za chuma zilizopakwa rangi hazifai Raskazone wala sehemu yoyote inayopata chumvi ya bahari. Kutu inaanzia kwenye skrubu. Chukua ya plastiki nzito, na skrubu za kiwandani zibadilishe kwa za stenlesi.

Kuna jambo lingine linalowapita wengi. Feni ya mita 250 ni lazima ipate mita 250 za kuingia. Kwenye nyumba iliyozibwa hewa hiyo itatafuta njia popote, na mara nyingi njia hiyo ni shimo la sakafu la maji machafu ambalo kidaka harufu chake kimekauka. Bafu likianza kunuka karo feni ikiwashwa, usilaumu fundi bomba kwanza. Mwaga maji kwenye shimo la sakafu, kisha upanue njia ya hewa kwenye mlango.

Feni za siling

Zinapendeza, na nyingi zinatumia gurudumu la kufyonza badala ya propela, kwa hiyo zina uwezo wa kusukuma bomba refu. Kwa bafu la katikati ya nyumba ndiyo njia iliyopo. Bidhaa yenyewe tunaipa alama nzuri. Ufungaji wake hapa kwetu ndio unaopata alama mbaya, kwa sababu moja inayojirudia nyumba kwa nyumba: bomba linaishia darini.

Hewa iliyotoka bafuni imebeba maji mengi. Ikimwagwa darini inakutana na bati. Usiku usio na mawingu bati hupoa haraka kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri unalikuta na umande juu yake. Mvuke wa bafu ukifika chini ya bati hilo unageuka maji, unadondoka kwenye jipsamu, na wiki chache baadaye kuna doa la rangi ya chai sebuleni, mbali kabisa na bafu. Mwenye nyumba anamwita fundi wa bati kuziba tundu ambalo halipo.

Bomba lifike nje: ukutani, au kwenye uso wa chini wa mkono wa paa kwa kifuniko chenye flapu. Likiwa la kujikunja livutwe lote hadi linyooke, maana likibaki limejikunyata mikunjo inakula hewa. Kona zisizidi mbili. Lilale likielekea nje ili matone yasirudi kwenye mota. Kama umbali unazidi mita tatu au nne, tumia bomba gumu la PVC la inchi 4, na mishikio kila mita moja ili lisilegee na kutengeneza bonde la maji katikati.

Umbali ukizidi hapo, au ukitaka feni moja ihudumie bafu mbili, kuna zile zinazofungwa katikati ya bomba darini. Nguvu zinazo, bafuni hazisikiki, lakini ni ghali na zikiharibika mtu anapanda darini. Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu hatuoni haja.

Sensa ya unyevu: pesa ya bure

Feni yenye sensa inawaka yenyewe unyevu ukipita kiwango ulichoweka, kwa kawaida kati ya asilimia 60 na 80 au 90, na inazima ukishuka. Kwenye boksi inasikika kama jibu la kila kitu. Tatizo ni kwamba usiku wa Tanga hewa ya nje peke yake inaweza kufika asilimia 85 na zaidi. Ukiiweka 65, haitazima kamwe. Itavuta hewa ya nje kupitia kila upenyo wa nyumba usiku kucha, na kama kuna AC, hiyo AC itakuwa inakausha hewa mpya ya bahari mpaka asubuhi. Ukiipandisha hadi 90, itazima bafu likiwa bado limelowa.

Zipo chache ambazo hazitazami kiwango bali kasi ya kupanda: unyevu ukiruka ghafla, zinajua mtu anaoga. Hizo zinafanya kazi hata Pwani. Ila kwa bei yake unapata feni ya taima, kikwangulio na fundi wa kukata mlango, na chenji inabaki.

Masta yenye AC

Hapa hesabu inageuka. Bafu lililo ndani ya chumba chenye AC linavuta hewa iliyokwisha kukaushwa. Hewa ya chumba ya nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55 ina gramu 12 tu za maji, kwa hiyo ina nafasi karibu mara mbili ya hewa ya nje. Dakika 20 za feni baada ya kuoga zinatosha, mlango ukiwa umefungwa. Kuacha mlango wazi "ili bafu likauke" ni kuipa AC kazi ya feni, na godoro na kabati la nguo zinapata sehemu yake ya mvuke.

Linalosumbua zaidi masta ni ukuta. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 24. AC ikiwekwa 18 na ikawa inapuliza moja kwa moja kwenye ukuta unaotenganisha chumba na bafu, tofali linapoa hadi upande wa pili, na ukuta wa bafu unatoa jasho hata siku ambayo hakuna aliyeoga. Hakuna feni itakayotibu hilo, kwa kuwa feni inaleta hewa ileile yenye umande. Geuza mapanga ya AC yasipige ukuta huo, iweke 25 au 26, na kama nyumba bado ni ramani, peleka AC ukuta mwingine. Hali hii hujitokeza zaidi bafu za wageni zinazopakana na chumba cha AC lakini zenyewe zina dirisha dogo linaloachwa wazi.

Mashine ya kukausha hewa na vidonge vya kabatini

Mashine ya kukausha hewa, ile yenye kompresa na ndoo ya maji, ukiacha AC, ndicho kifaa pekee kati ya hivi kinachoweza kushusha unyevu wa chumba chini ya ule wa nje. Na kuna habari njema: zile lita 10 au 12 kwa siku zilizoandikwa kwenye mashine kwa kawaida zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Wazungu wananunua na hawazioni lita hizo nyumbani kwao. Tanga utazikaribia.

Habari mbaya ni umeme. Wati 250 kwa saa 10 ni uniti mbili na nusu kwa siku, 75 kwa mwezi. Aliye kwenye lile daraja la bei nafuu la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine peke yake imelimaliza. Tena inatoa joto chumbani. Usiiweke bafuni kwenyewe. Iweke korido, mlango wa bafu ukiwa wazi na madirisha yamefungwa. Ukiiendesha dirisha likiwa wazi, unajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Tunaipendekeza kwa nyumba yenye bafu la katikati lisilowezekana kutobolewa, au kwa chumba cha nguo na vitabu.

Vile vikopo vya chembe nyeupe zinazogeuka maji ni kloridi ya kalsiamu. Kabatini sawa. Bafuni vinajaa haraka mno kuwa na maana, na maji yake yanakula alumini, hivyo visikae kwenye kizingiti cha dirisha.

Mlango

Feni haitoi hewa ambayo haijaingia. Tundu la inchi 4 lina eneo la sentimita za mraba 78. Upenyo wa sentimita moja chini ya mlango wa upana wa sentimita 76 ni sentimita za mraba 76, karibu sawasawa, na ndiyo maana viwango vya Uingereza vinataka milimita 10. Milango yetu mingi ya bafu ni ya sentimita 70, halafu kuna kizingiti cha marumaru cha kuzuia maji, kwa hiyo pima kutoka juu ya kizingiti na uache milimita 15. Feni ya inchi 6 inahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Mlango uliokatwa hivyo unachukiza macho, bora kuweka luva ndogo sehemu ya chini ya mlango. Mlango wa mbao ukishakatwa, upake vanishi sehemu iliyokatwa siku hiyohiyo, la sivyo itanyonya maji na kuvimba.

Kufunga feni ya ukutani

Mahali pake ni juu, karibu na shawa na mbali na mlango, ili hewa ipite bafu zima kabla ya kutoka. Ikiwa juu ya mlango inazungusha hewa ya korido tu. Iwe zaidi ya mita 2.25 kutoka sakafuni kama iko eneo la shawa lenyewe, au sogeza pembeni angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa eneo hilo.

Bomba la kupitisha ukutani usinunue la pekee. Kipande cha bomba la maji machafu la PVC la inchi 4, lile la milimita 110 kwa nje, linaipokea shingo ya feni bila tabu. Toboa ukuta kwa drili ya kukata duara ukiweza. Patasi na nyundo hung'oa vigae na kuacha tundu kubwa la kujazia. Kata bomba lizidi ukuta kwa nje sentimita moja, lilaze likishuka kuelekea nje milimita 5 hadi 10 kwa unene wote wa ukuta, na ujazie pembeni kwa sementi na mchanga. Mteremko huo mdogo ndio unaotofautisha feni inayodumu na ile ambayo mota yake inaoga kila siku. Skrubu za stenlesi, fisha za milimita 6, silikoni upande wa juu na pembeni wa kifuniko cha nje. Chini usizibe, maji yatakayoingia yapate pa kutokea.

Wavu wa mbu ni lazima hapa, lakini wavu wenye matundu madogo hushika pamba na vumbi hadi hewa isipite. Uweke kwa nje mahali unapofikika kwa brashi. Nyigu nao hupenda bomba lenye flapu lisilotumika. Wakijenga udongo humo, flapu haifunguki tena.

Umeme ndipo kosa kubwa linapofanyika. Feni ya taima inahitaji waya tatu: feisi ya moja kwa moja, feisi inayotoka kwenye swichi, na nyutro. Fundi akileta waya mbili tu kutoka kwenye taa, feni itazimika pale taa inapozimwa, na taima uliyoilipia haitafanya kazi hata siku moja. Iwekewe fyuzi ya ampea 3 na swichi yake ya kukata umeme nje ya bafu, na sakiti nzima iwe chini ya breka inayokata umeme ukivuja (RCD) ya miliampea 30. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ukungu uliokwisha kuingia

Feni inazuia ukungu mpya. Wa zamani hauondoi. Kwenye vigae na grauti, maji ya klorini ya kufulia yaliyochanganywa na maji yanatosha, dakika 15 kisha sugua. Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: gesi inayotoka inaweza kuua, na bafu lililozibwa ndipo mahali pabaya kabisa pa kuivuta. Silikoni iliyokuwa nyeusi hadi ndani haisafishiki, ichunwe na kupigwa upya. Jipsamu iliyolainika ukiibonyeza kwa kidole, itoe yote. Badala yake weka mbao za PVC, ambazo hazina karatasi ya kuliwa na ukungu. Kuta zisizo na vigae, chokaa bado inashinda rangi nyingi za kisasa, kwa kuwa ukali wake hauupi ukungu nafasi, na Tanga hatuna shida ya chokaa.

Kabla hujamlipa fundi

Funga mlango, washa feni, shika karatasi moja ya tishu kwenye uso wake. Inatakiwa kushikwa na kubaki. Ikidondoka, fungua mlango ujaribu tena: ikishika sasa, tatizo ni upenyo wa mlango, ikidondoka bado, tatizo liko kwenye bomba au wavu. Zima taa usikilize kama feni inaendelea. Zima umeme wa feni, fungua kifuniko, tafuta kile kiskrubu kidogo cha taima kwenye saketi, ukizungushe kwa bisibisi nyembamba hadi mwisho wa kuongeza. Kisha mwaga kikombe cha maji ndani ya bomba ukiwa umezima umeme na kuitoa feni, na mtu asimame nje aone kama yote yametoka upande wake.